Je, wajua kwa nini bodi ya futi 8 haitoi vipande vinne vya futi 2?

Ukipita kwenye karakana za samani Arusha au Moshi, macho huenda moja kwa moja kwa fundi na msumeno wake. Kwa miaka mingi niliamini kabati linatengenezwa hapo tu, na kwamba yule anayekaa ofisini na kompyuta kazi yake ni kuandika risiti. Nilikosea, na kilichonifumbua macho ni hesabu ya shule ya msingi: 8 gawanya kwa 4.

Bodi ya MDF (nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) au plaiwudi kwa kawaida huuzwa futi 8 kwa 4, yaani milimita 2,440 kwa 1,220. Nilihitaji vipande vinne vya kabati, kila kimoja upana wa milimita 610. Gawanya 2,440 kwa 4, unapata 610 kamili. Nikanunua bodi moja. Vipande vitatu vikatoka sawasawa, cha nne kikaja na milimita 601. Nikamwambia fundi amepima vibaya. Hakuwa amepima vibaya hata kidogo, na ilinichukua muda kukubali hivyo.

Zile milimita 9 zilisagwa. Meno ya msumeno hufanywa mapana kuliko bapa lenyewe, ili bapa lipite bila kubanwa na mbao na kupata moto. Kwa hiyo msumeno hautenganishi mbao kama kisu kinavyotenganisha siagi. Unachimba mfereji, na kilichokuwa ndani ya mfereji ndiyo lile vumbi la sakafuni. Kwa misumeno mingi ya mashine mfereji huo ni kama milimita 3, ingawa bapa jembamba hula kidogo na nene hula zaidi. Kupata vipande vitatu vya 610 msumeno umepita mara tatu: tatu mara tatu, tisa.

Fikiria kihamba, shamba la migomba la ukoo, kinachogawiwa ndugu wanne. Kwenye karatasi kila mmoja ana robo. Lakini kati ya jirani na jirani lazima ipite njia, na mimea ya masale ipandwe mpakani. Njia si ya mtu, ila imekaa juu ya ardhi. Asiyeihesabu mapema atamwachia mdogo wa mwisho sehemu pungufu, na migomba haitajua ni nani alikosea.

Sasa rudi kwa yule mtu wa ofisini, mchoraji wa samani. Mchoraji angebadilisha namba moja tu kwenye kompyuta, 610 kuwa 600. Nne mara 600 ni 2,400, ongeza mikato minne ya milimita 3, unapata 2,412. Bodi moja inatosha na inabaki milimita 28. Sentimita moja iliyopungua kwenye kabati mwenye nyumba haioni. Bodi ya pili angeilipia.

Kuna pia mwelekeo wa nyuzi za mbao. Plaiwudi yenye sura ya mbao ni kama kitenge chenye ndege: mshonaji hawezi kugeuza kipande ili kienee, maana ndege watasimama kichwa chini. Mchoraji naye hubanwa hivyo hivyo, kwa hiyo bodi ambayo kwa eneo ingetosha huenda isitoshe. MDF tupu haina tatizo hili, unageuza upendavyo.

Nyuma ya mchoraji wapo mkadiriaji wa gharama, mnunuzi wa mbao na mpangaji wa kazi za mashine, na wote husoma orodha ile ile ya vipande. Katika karakana ndogo kazi zote hizo huwa kichwani mwa fundi mmoja. Anayetaka kusomea fani ya mbao ana vyuo vya ufundi vya VETA, na Moshi kipo Chuo cha Viwanda vya Misitu.

Kilichonifurahisha zaidi nilikiona kwenye orodha kama hiyo. Kipande cha mlango kiliandikwa 598, ilhali mlango wenyewe ulitakiwa kuwa 600. Nikadhani kosa la uandishi. Kumbe kila ukingo ungebandikwa utepe wa milimita 1, kushoto na kulia.