Ufunguo ukinasa kwenye swichi ya gari, usikimbilie oili

Ufunguo wa gari ukinasa kwenye swichi, ushauri wa kwanza utakaoupata Dar es Salaam, iwe kwa mafundi wa Gerezani au kijiwe cha bodaboda, ni "tia oili kidogo." Wengine hutia hata mafuta ya kupikia! Kwa siku chache ufunguo hulainika kweli, ndiyo maana ushauri huu haufi.

Shida huja baadaye. Ndani ya swichi mna vibati vyembamba, kila kimoja na springi yake ndogo. Ufunguo sahihi huvipanga vyote usawa mmoja, ndipo swichi izunguke. Oili nzito hushika vumbi, na vumbi la barabara zetu za mitaani halina mchezo. Vikichanganyika huwa tope jeusi, na springi hushindwa kurudisha vibati mahali pake. Kinachofaa ni unga mkavu wa grafiti, ule ule wa risasi ya penseli, tena kidogo tu.

Lakini mara nyingi swichi haina kosa. Gari la otomatiki halitoi ufunguo kama gia haijafika P. Sukuma mkono wa gia hadi mwisho. Stelingi ikijifunga, itikise kushoto na kulia huku unageuza ufunguo taratibu. Koleo weka mbali: ufunguo ukikatikia ndani, gharama inapanda.

Na ufunguo uliolika usiuchongeshee nakala, maana mashine itanakili hadi ulikaji wake. Chongesha kwa ule wa akiba, au kwa namba ya ufunguo (ile inayoonyesha mkato wake) kama bado unayo.