Kikoba kwenye blokicheini: dhana potofu za sisi waandika programu

Kijana mmoja wa Sinza alinionyesha programu ya kikoba cha mama yake: akina mama ishirini, mchango kila Jumamosi, mikopo kwa zamu. Alitaka kuihamishia Ethereum, mtandao wa blokicheini (mnyororo wa kumbukumbu unaotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja), ili daftari lisichezewe na mtu yeyote. Nia yake niliipenda sana. Lakini alivyoeleza kazi yenyewe, nikasikia dhana zile zile ninazozisikia kwa vijana wengi wanaoandika programu hapa Dar.

Dhana: Ni kubadilisha seva tu, mantiki ni ile ile

Msimbo wa kawaida unaweza kuiuliza M-Pesa kama fedha zimeingia, na kuamka wenyewe saa sita usiku kukokotoa faini. Mkataba mahiri, yaani programu inayoendeshwa ndani ya blokicheini, hauwezi lolote kati ya hayo. Unarudiwa na maelfu ya kompyuta, na zote sharti zipate jibu moja. Zikiruhusiwa kuuliza nje, kila moja inaweza kujibiwa lake. Kwa hiyo habari ya mchango lazima iletwe na mtu au chombo kinachoitwa orakeli, na mkataba utaamini unacholetewa. Ukimwondoa mweka hazina, umemweka mwingine mahali pake. Na faini? Haikokotolewi mpaka mtu atume muamala na kuulipia gesi, kipimo cha kazi ya mtandao kinachotozwa ada.

Dhana: Kosa likionekana nitarekebisha kesho

Hapa ndipo ninapomsihi kila mtu atulie. Kwenye seva unarekebisha usiku, asubuhi watumiaji hawana habari. Mkataba ukishawekwa Ethereum, msimbo wake haubadiliki. Juni 2016 mkataba wa The DAO, mfuko wa pamoja wa uwekezaji kwenye Ethereum, ulikuwa unatuma fedha kwanza na kupunguza salio baadaye. Mtu akaomba tena na tena kabla hesabu haijafungwa, akachota etha (sarafu ya Ethereum) milioni 3.6 hivi. Kuzirudisha kulihitaji mtandao kugawanyika Julai mwaka huo, na waliokataa wakabaki na mnyororo wao, Ethereum Classic. Novemba 2017 hapakuwa na wa kuokoa: mtu aliufuta mkataba wa pamoja uliotegemewa na pochi za Parity (pochi za kutunzia sarafu hizo), na etha zaidi ya 500,000 zikafungiwa. Kama hao hawakuokolewa, nani atakiokoa kikoba cha Sinza?

Ipo njia ya kuweka mkataba wa mbele unaoelekeza kwa mwingine, ili ule wa nyuma ubadilishwe. Hutumika sana, nami siipingi. Ila mwenye ufunguo wa kubadilisha ndiye mwenye daftari, na akina mama wanastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Dhana: Nikiandika kuwa taarifa ni za siri, ni za siri

Katika Solidity, lugha ya kuandikia mikataba hii, neno la siri, “private”, huzuia mikataba mingine tu kuzisoma. Yeyote mwenye nodi, yaani kompyuta inayotunza nakala ya mnyororo, atazisoma. Kijana alikuwa ameweka majina na namba za simu! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na mtu akidai taarifa zake zisizo sahihi zifutwe, kwenye mnyororo utazifutaje? Tukazirudisha kwenye kanzidata ya kawaida, tukabakiza anwani za pochi. Bado sikuridhika. Katika kundi la majirani ishirini, anwani hutambulika haraka, na ukishaijua unaona mikopo yote ya mwenyewe.

Dhana: Hakuna seva, kwa hiyo hakuna kuzima

Ukurasa anaoufungua mtumiaji kwa kawaida bado uko kwenye seva. Programu nyingi pia husoma mnyororo kupitia nodi za kampuni chache. Infura, mojawapo ya huduma hizo, ilipokwama Novemba 2020, pochi nyingi zilikwama nayo.

Dhana: Kuhifadhi ni bure

Kuandika thamani mpya ya baiti 32 hula gesi zaidi ya 20,000. Akina mama ishirini kwa wiki 52 ni michango 1,040 kwa mwaka, kila mmoja ukiwa na ada yake.

Hesabu hiyo, pamoja na ile hofu ya siri, ndiyo iliyombadilisha. Michango sasa inakaa kwenye kanzidata. Kila Jumamosi anapeleka kwenye mnyororo alama moja fupi iliyokokotolewa kutoka daftari zima, mithili ya alama ya dole gumba. Mama akishuku kwamba ukurasa wa daftari umebadilishwa, alama ya daftari inakokotolewa upya mbele yake na kulinganishwa na ile iliyo kwenye mnyororo.