Haibridi imezeeka? Usikimbilie kununua betri

Toyota Aqua na Prius, magari ya haibridi yanayotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, zimeshakuwa magari ya kawaida Dar es Salaam na Nairobi. Nyingi zilitoka Japani zikiwa zimeshatumika miaka kadhaa, sasa zinazeekea mikononi mwetu, na kuna uvumi unaozifuata kila gereji: taa ikiwaka tu, betri kubwa imekufa, nunua nyingine au uza gari. Inaniuma kuona gari zima likiuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu ya feni iliyojaa vumbi. Hizi hapa kauli za gereji, moja baada ya nyingine.

"Taa zote zimewaka, basi betri kubwa imekwisha."

Haibridi ina betri mbili. Ile kubwa, kwenye Prius ya kizazi cha pili na cha tatu, ni moduli (vifurushi vya seli) 28 zenye volti 7.2 kila moja, jumla volti 201.6. Kwenye Aqua ya kizazi cha kwanza ni moduli 20, volti 144. Hiyo ndiyo inayoipa umeme mota ya kusukuma gari, na ndiyo inayozungusha injini iwake, maana hakuna stata ya kawaida. Betri ndogo ya volti 12 kazi yake ni kuamsha kompyuta na kuunganisha swichi za umeme mkubwa. Kwa kuwa haibebi mzigo mzito, inachoka bila kukuonyesha dalili uliyoizoea: husikii stata ikijikokota asubuhi. Unachoona ni dashibodi iliyojaa taa na neno READY, la kuonyesha gari liko tayari kuondoka, lisilotokea.

Kwa hiyo anza na mita ya umeme. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri ndogo nzima husoma karibu volti 12.6. Ikiwa chini ya 12, imeisha chaji au imechoka, na hapo bado hujafika kwenye betri kubwa kabisa. Gari likiwa READY, kipimo kinapaswa kupanda hadi karibu 14, kwa umeme unaotoka kwenye betri kubwa, kwani haibridi hizi hazina altaneta. Ukibusti, hakikisha chanya na hasi ziko mahali pake. Ukizigeuza unaunguza fyuzi kuu na unaweza kuharibu inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uweze kuendesha mota. Na ukinunua betri mpya ya Prius, ambayo hukaa ndani ya buti, chukua ya aina ya AGM (isiyo na maji ya kumwagika) yenye bomba la kutolea gesi nje.

Betri ndogo ikiwa nzima, soma kwa mashine msimbo wa hitilafu uliohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, kabla mtu hajaufuta. P0A80 unahusu betri kubwa kuchoka. P0A93 ni upozaji wa inveta. P0AA6 ni umeme mkubwa kuvuja kuelekea bodi. Hayo ni matatizo matatu yenye bei tofauti kabisa, na kuna mafundi wanaoyatibu yote kwa betri mpya. Kuchomoa betri ndogo "ili taa izime" kunafuta ushahidi uliouhitaji.

"Betri ina miaka yake, ikifika imefika."

Umri unachangia, lakini joto ndilo linaloimaliza mapema. Betri kubwa ya magari haya hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Abiria wengi hawalijui, hivyo huliziba kwa begi au khanga. Vumbi la barabara zetu, manyoya na nyuzi za viti huingia na kuganda kwenye mapanga ya feni. Gari halitakwambia lolote kwa muda mrefu. Moduli za katikati, ambazo ndizo hupata joto zaidi, huanza kudhoofika, na siku taa inapowaka unaambiwa betri imezeeka.

Kazi hii ni yako nyumbani. Zima gari, ondoa kifuniko cha tundu, nyonya vumbi, safisha kichujio kama kipo. Feni yenyewe inahitaji kufungua plastiki kadhaa pembeni, kisha brashi laini. Fanya hivyo kila mwaka, na mara mbili kama unaishi kwenye njia ya vumbi. Halafu kumbuka kwamba betri inavuta hewa ileile unayovuta wewe: gari lililokaa juani Kariakoo mchana kutwa, vioo vimefungwa, kiyoyozi kimezimwa, linaipulizia betri joto.

Vidoti vya chaji ya betri kubwa kwenye dashibodi kutojaa si ugonjwa. Kompyuta kwa makusudi haiijazi betri wala kuiacha ikauke. Kinachotia wasiwasi ni chaji kuporomoka na kupanda ghafla ndani ya dakika chache.

"Moduli moja imekufa, badilisha hiyohiyo."

Kwenye Prius kompyuta husoma moduli mbilimbili, yaani bloku 14. Kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, na programu ya simu hukuonyesha volti ya kila bloku. Seli moja ndani ya moduli ikifa, bloku yake hubaki nyuma ya wenzake kwa takriban volti 1.2, na utaiona unapokanyaga mafuta. Fundi akiibadilisha, gari litatembea. Lakini moduli nyingine 27 zina umri uleule, na iliyowekwa isipolingana nazo kwa uwezo, unarudi gereji tena na tena. Kwa maoni yangu ukarabati huo unafaa kwa anayetaka kuvuka kipindi kifupi, akiujua hivyo. Kabla ya kulipa, omba pia vipande vya shaba vinavyounganisha moduli vikaguliwe. Kutu yake hutoa vipimo vya uongo, na Tanga au Mombasa hewa ya chumvi haisamehi.

"Nikichomoa plagi ya chungwa, umeme umekwisha."

Hapana. Plagi hiyo, ya usalama kwenye betri kubwa, hukata mnyororo wa betri, lakini moduli zilizomo ndani bado zina umeme wa kuua. Kapasita za inveta, zinazohifadhi umeme, nazo huhitaji angalau dakika 10 kupungua, na inveta ya Prius ya kizazi cha tatu hupandisha umeme hadi volti 650. Bila glavu za umeme za volti 1,000 zilizokaguliwa, na bila kufundishwa na anayejua, nyaya za chungwa, ambazo ni za umeme mkubwa, usiziguse. Jirani kutazama video moja si mafunzo.

"Injini inafanya kazi nusu, sevisi isubiri."

Prius ya kizazi cha tatu inajulikana kwa kula oili na kwa masizi kuziba njia za EGR (mfumo unaorudisha moshi kiasi ndani ya injini), na gasketi ya silinda hedi hufuata kuharibika. Injini ikitikisika asubuhi inapowaka, huku kulanti ikipungua bila kuvuja popote, chunguza mapema. Inveta ina kulanti na pampu yake yenyewe. Mwaka 2012 Toyota iliyaita magari mengi yarudishwe kurekebishwa kwa ajili ya pampu hiyo, zikiwemo Prius za kizazi cha pili. Gari likiwa READY, chungulia tanki la inveta: maji yanapaswa kuchezacheza. Weka mikono mbali na injini, inaweza kuwaka yenyewe.

Pedi za breki hudumu kweli, ila pini za kalipa hukwama kwa kutotumika. Ukizifungua, kata betri ndogo kwanza, maana kufungua tu mlango huamsha pampu ya breki.

"Kwenye foleni weka N."

Ukiweka gia ya N, betri kubwa haichajiwi hata injini ikinguruma. Foleni ikisimama kabisa, weka P. Na gari likiharibika, lisivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakizunguka chini, kwa sababu yanaizungusha mota nayo inazalisha umeme. Libebwe juu ya gari la kuvuta, au magurudumu ya mbele yanyanyuliwe.