Tiketi imekataliwa getini: unamdai nani?

Kazi yangu ni kushughulikia malalamiko ya miamala ya kadi hapa Mtwara. Mengi ni ya kawaida: mtu kakatwa mara mbili dukani, ATM imehesabu ikakaa kimya. Yanayokula muda ni ya tiketi zilizonunuliwa mtandaoni kwa walanguzi, hasa za mechi za Uingereza. Msimu wa korosho ukikolea pesa inakuwepo, na anayekwenda London kwa shughuli zake au kumtembelea ndugu anataka naye aingie uwanjani. Anafika, tiketi inakataa. Anapokuja kwangu ameshabishana wiki nzima na mtu ambaye hakuwahi kuigusa pesa yake.

Tuanzie hapo. Kwenye tiketi hizi kuna watu watatu: klabu au mwandaaji, mlanguzi aliyeitangaza, na tovuti iliyowakutanisha. Klabu haikukuuzia, kwa hiyo ukiiandikia utajibiwa kwa adabu kwamba hawana rekodi yako. Mlanguzi humjui hata jina. Fungua taarifa ya benki usome jina lililokata pesa. Mara nyingi ni la tovuti, na huyo ndiye unayeanza kumdai, hata kama masharti yake yanasema yeye ni dalali tu.

Kwa nini tiketi ikatae? Sisi wa Kusini tumezoea stakabadhi ghalani: karatasi inasema kilo kadhaa, na kilo hizo zipo ghalani, zimepimwa. Tiketi za walanguzi hazina ghala. Wapo wanaotangaza kiti ambacho bado hawajakipata, wakitegemea bei itashuka wakinunue baadaye. Isiposhuka, unapokea ujumbe wa "tatizo la kiufundi" saa chache kabla ya mechi. Kwa mpira wa Uingereza kuna kubwa zaidi: kwa sheria ya mwaka 1994, kuuza tiketi ya mechi bila idhini ya waandaaji ni kosa la jinai katika England na Wales. Klabu ikigundua inaifuta, na wewe uliyelipa mara tatu ya bei unabaki nje na risiti yako mkononi. Binafsi simshauri mtu anunue tiketi ya ligi ile nje ya klabu yenyewe. Wananisikiliza, wanacheka, wananunua.

Sasa huduma kwa wateja. Mteja mmoja wa Masasi alinionesha simu yake, ujumbe juu ya ujumbe: "Nyie matapeli, nimetoka mbali, nataka hela yangu." Kila mara alijibiwa na mtu mwenye jina jipya kwamba wanasikitika na wanafuatilia. Tukaandika upya, kwa Kiingereza chepesi, maneno machache. Namba ya oda. Tarehe ya mechi. Tiketi imekataliwa geti fulani, saa fulani, picha ya mashine imeambatishwa. Dhamana yenu inaahidi tiketi mbadala au kurudisha pesa, na tiketi mbadala hamkuleta. Naomba pesa irudi kwenye kadi ile ile, nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku saba, la sivyo napeleka pingamizi benki, yaani naiomba benki iirudishe pesa iliyokatwa. Hasira zote tukazifuta. Anayesoma kule hajapewa mamlaka ya kukuhurumia. Anatafuta kifungu cha kulimaliza shauri, basi mtajie wewe.

Wakikupa vocha badala ya pesa, usibonyeze "kubali" kwa haraka. Ukishaikubali, benki itaambiwa umeshalipwa. Machi 2020, matamasha yalipofutwa kwa sababu ya korona, StubHub, tovuti ya Marekani ya kuuziana tiketi, iliwapa wateja vocha ya asilimia 120 badala ya pesa yao. Ni mwaka 2021, baada ya wanasheria wakuu wa majimbo kadhaa ya Marekani kuibana, ndipo ilipokubali kurudisha pesa.

Kuahirishwa ni jambo jingine kabisa, na tovuti nyingi hazirudishi chochote kama tukio limesogezwa tu. Tunalifahamu hata huku: Simba na Yanga ya Machi 8, 2025 iliahirishwa siku ile ile ikaja kuchezwa Juni 25. Aliyetoka Mtwara kwa basi hakuna aliyemfidia nauli.

Siku nazo zinakimbia. Kwa taratibu za kadi za Visa, kwa huduma ambayo hukuipata, pingamizi lina siku 120, na kwa kawaida hesabu inaanzia siku ambayo ulitakiwa kuipata. Tovuti inayokwambia "subiri kidogo" mwezi hadi mwezi inazila siku hizo. Ukikataliwa getini, nenda dirisha la tiketi uombe wakuandikie hata mstari mmoja kwamba tiketi haikufaa. Ushahidi huo unazidi skrinishoti zote.

Haya yote ni ya kadi. Uliyemtumia mlanguzi wa WhatsApp kwa pesa za simu huna pingamizi la namna hii. Piga kwa mtandao wako dakika hiyo hiyo, kabla hajazitoa, tuma namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kisha nenda polisi.

Yule wa Masasi alirudishiwa. Ilirudi kwa pauni, na kiwango cha kubadilisha fedha cha siku ile kilikuwa chini kuliko cha siku aliyonunua. Aliniuliza tofauti hiyo tumdai nani. Hakuna.