Charleston: soko ambalo halikuuza watu

Mgeni akifika Charleston, South Carolina, Marekani, hukimbilia soko refu la Market Street, akasimama kimya akidhani ndipo watu waliponadiwa. Sipo. Soko lile lilikuwa la nyama, samaki na mboga, na wachuuzi wake wengi walikuwa watumwa wenyewe. Watu walinadiwa kando ya jengo la Exchange, East Bay Street, nje, mbele ya wapita njia. Mwaka 1856 jiji likakataza minada ya hadharani, na si kwa huruma: umati ulikuwa unaziba barabara. Madalali wakahamia ndani, Chalmers Street namba 6, ambapo leo ni makumbusho. Utakuta ukumbi mmoja tu; usidhani biashara ilikuwa ndogo. Nyuma yake palikuwa na jela ya ghorofa nne, jiko na chumba cha maiti, vyote vimebomolewa.

Husemwa: "Biashara ya watumwa iliisha 1808." Kilichokatazwa ni kuingiza watu kutoka ng'ambo. Katika miaka minne ya mwisho kabla ya hapo, watu wapatao 40,000 walishushwa South Carolina, wengi kwenye gati la Gadsden's Wharf, palipofunguliwa makumbusho ya Waamerika wenye asili ya Afrika mwaka 2023. Baadaye wakauzwa wale waliozaliwa huko huko, wakapelekwa kwenye mashamba ya pamba ya Alabama, Mississippi na Louisiana.

Husemwa pia: "Pwani yetu ya Afrika Mashariki haimo." Ni kweli wengi walitoka Kongo na Angola, Senegambia na Sierra Leone. Lakini mfanyabiashara Zephaniah Kingsley aliandika kwamba mtumwa Gullah Jack alinunuliwa Zanzibar, na kwamba alipanda merikebu na mfuko wake wa uganga. Mwaka 1822 huyo Jack alipanga uasi pamoja na Denmark Vesey, seremala Mweusi aliyejinunulia uhuru, akiwagawia wenzake magando ya kaa wayaweke mdomoni ili wasijeruhiwe. Wote wawili walinyongwa Julai mwaka huo.

Na tena: "Mtumwa wa mjini alikuwa nusu huru." Bwana aliyemkodisha mtumwa wake alilipia jiji kibati cha shaba kila mwaka, chenye mwaka, kazi na namba: mpagazi, mvuvi, fundi. Ujira ulikuwa wa bwana. Ukiuziwa kibati kwa bei ya kutupa, jua ni bandia. Vya kweli ni adimu na ghali.

Na zile nyumba nzuri za Charleston? Tofali lilifinyangwa na watumwa kwa mkono: udongo unashindiliwa kwenye kalibu ya mbao, unatolewa ungali mbichi, na anayelibeba huacha alama za vidole. Kuta za mbele mara nyingi zimepigwa lipu, kwa hiyo tazama kuta za ua na majengo ya nyuma, walikopika na kulala watumwa; ya Aiken-Rhett House, Elizabeth Street namba 48, hayajakarabatiwa yakawa mapya. Alama nyingine ni ndogo mno kuwa za mtu mzima.