Waraka Ulio Wazi Mtandaoni, Je, Ni Wako Kuuchapa?

Barua nyingi zinazofika kwenye kitengo cha nyaraka cha maktaba huja na maelezo yaleyale: nimeikuta kwenye tovuti yenu, iko wazi, nawataarifu tu kwamba nitaitumia. Mmoja anachapa kitabu cha kiada, mwingine anatengeneza kalenda ya kuuza, mwingine ni mwanafunzi anayetaka picha moja ya tasnifu yake. Wote wanaamini kwamba maktaba ikishaweka kitu mtandaoni basi maktaba ndiyo mwenyewe, na mwenyewe kesharuhusu.

Maktaba ni mtunzaji. Ina karatasi, ina kanda, ina faili la skani. Hakimiliki kwa kawaida ni ya aliyetunga, au ya warithi wake, au ya mchapishaji aliyeuziwa. Mhuri wetu kwenye ukurasa wa kwanza hauihamishi. Mtu anayetukabidhi sanduku la barua za marehemu baba yake ametupa karatasi. Kama hakuandika kwamba ametupa na haki, haki imebaki kwenye ukoo.

Kwa hiyo swali la kwanza ni nani alitunga, na alifariki lini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya 1999, inalinda maandishi kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria ya Kenya ya 2001 inatoa muda huohuo, ikihesabu kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na ofisi yake, COSOZA, kwa kuwa hakimiliki si jambo la Muungano. Hili husahaulika mno, hata na wachapishaji wakubwa wa Bara.

Chukua Shaaban Robert. Alifariki Juni 1962. Kwa kipimo cha miaka 50, maandishi yake mwenyewe yamekuwa milki ya umma nchini Tanzania tangu mwanzo wa 2013. Lakini nakala uliyoipakua inaweza kuwa toleo la karibuni lenye dibaji, ufafanuzi na faharasa ya mhariri ambaye yu hai. Beti ni za wote; dibaji ni ya mhariri.

Tabaka hizo huonekana vizuri zaidi kwenye tenzi za kale. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858, na hakuna mrithi anayeweza kukudai mrabaha leo. Alice Werner, aliyeuhariri pamoja na William Hichens kwenye toleo la 1934, alifariki 1935, kwa hiyo mchango wake nao umetoka kwenye ulinzi. J. W. T. Allen aliuingiza utendi huo kwenye kitabu chake cha 1971, na yeye alifariki 1979. Tafsiri na maelezo yake yanalindwa Tanzania hadi mwisho wa 2029, na Uingereza, ambako muda ni miaka 70, hadi mwisho wa 2049. Watu watatu wanaweza kunukuu ubeti mmoja wa Mwana Kupona, na anayehitaji kibali akawa mmoja tu: yule aliyechukua tafsiri ya Allen.

Na muda hubadilika ukivuka mpaka. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Kwa Kenya, rekodi ya sauti hulindwa miaka 50 tangu ilipofanywa, kwa hiyo rekodi ya mwaka huo ingekuwa huru tangu 1979. Marekani imezipa rekodi zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 miaka 100, yaani iliyotolewa 1928 inabaki kifungoni hadi mwisho wa 2028. Ukiipakia kwenye mtandao ambao kampuni yake iko Marekani, usishangae ikifutwa. Tena rekodi ni kitu kimoja, maneno ya wimbo ni kitu kingine, na mtunzi wa maneno si lazima awe mwimbaji.

Faili za serikali huleta mkanganyiko wa namna yake. Katika Nyaraka za Taifa, faili hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Kufunguliwa huko kunahusu kusoma. Ndani ya faili la ofisi ya wilaya la mwaka 1955 utakuta barua ya mwalimu aliyelalamikia mshahara, na kama mwalimu huyo alifariki 1990, barua yake inalindwa hadi mwisho wa 2040 hata kama haijawahi kuchapwa popote. Uingereza ina kioja kikubwa zaidi: maandishi ambayo hayakuchapwa, ya watu waliofariki kabla ya 1969, mengi yanalindwa hadi mwisho wa 2039. Barua ya ofisa wa kikoloni aliyekufa 1920 inaweza kuwa bado na mwenyewe kule London. Maandishi ya sheria na hukumu za mahakama, kwa upande mwingine, hayana hakimiliki Tanzania. Habari za siku nazo ni hivyohivyo, maana tukio halimilikiwi, ingawa makala iliyoandikwa kwa ufundi wa mwandishi ina mwenyewe.

Sasa tuje kwenye "matumizi ya haki", maneno ambayo watu huyabandika chini ya video kama hirizi. Kanuni hiyo, inayoruhusu kutumia kazi ya mtu bila kibali chake, kwa sura inayojulikana zaidi ni ya Marekani. Hakimu wa huko hupima mambo manne: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la mwenye kazi. Haitoi jibu mapema, na hata huko inaweza kukugeuka. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa iliona kwamba Google kuskani vitabu ili watu watafute maneno na kuona vipande vidogo ni halali. Septemba 2024 mahakama hiyohiyo ya rufaa ilikataa utetezi wa Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyokuwa ikiazimisha skani za vitabu vizima vya wachapishaji wanne. Kipande kinachomsaidia msomaji kukipata kitabu hakikutazamwa sawa na kitabu kizima kinachochukua nafasi ya kile cha dukani.

Sheria zetu zimefuata njia nyingine. Zinataja matumizi yanayoruhusiwa bila kibali: kunukuu kwa kiasi kinachofaa huku ukitaja mtunzi na chanzo, kutoa mfano wakati wa kufundisha, na kadhalika. Kenya inataja utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti matukio, na kwa mkusanyo wa maandishi ulioandaliwa kwa ajili ya shule au chuo inaruhusu vipande vifupi visivyozidi viwili vya kazi moja. Mwalimu anayeonyesha ukurasa mmoja darasani yumo. Mwalimu huyohuyo akiweka kitabu kizima kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi 200, sioni kifungu cha kumkinga, hata nia yake iwe njema kiasi gani.

Kuna pia masharti ya hifadhi yenyewe, nayo ni makubaliano yanayosimama kando ya hakimiliki. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, iliskaniwa chini ya mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Maandishi mengi humo yana umri wa kutosha kuwa nje ya hakimiliki, lakini picha zake zimewekwa kwa ajili ya utafiti, na anayetaka kuzichapa kibiashara anapaswa kuwauliza wenye miswada kwanza. Binafsi naona sharti hilo ni la haki hata pale ambapo sheria ingenyamaza. Kwa ngano, nyimbo za jando na ngoma zilizorekodiwa vijijini, sheria ya Tanzania hainyamazi: ina sehemu nzima inayodai kibali kwa matumizi ya kibiashara yaliyo nje ya mazingira ya asili ya jadi hizo.

Ukiomba kibali, tuandikie namba ya waraka, kurasa unazotaka, mahali utakapozichapa, idadi ya nakala na kama utauza. Ombi lisemalo "naomba kutumia picha zenu" huchelewa kwa sababu tunalazimika kulirudisha na maswali. Kama tunamjua mwenye haki, tutakuelekeza kwake. Kama hajulikani, hifadhi ushahidi wa namna ulivyomtafuta: barua ulizoandika, majibu ya mchapishaji, majibu ya ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara au KECOBO kwa Kenya. Ushahidi huo hauchukui nafasi ya kibali, ila mrithi akijitokeza baadaye mtakuwa na pa kuanzia mazungumzo, na mara nyingi anachotaka kwanza ni jina la mzee wake liandikwe sawasawa.