Konsoli za zamani: dhana potofu zinazoziua mapema

Konsoli ya zamani ya michezo ya video ikigoma, kosa mara nyingi liko pembeni: pini chafu, adapta isiyo yake, betri iliyokwisha. Chipu ndiyo ya mwisho kushukiwa. Ila wachezaji wamerithishana ushauri mwingi, na baadhi yake unaharibu mashine kuliko umri unavyoiharibu.

"Katriji ikigoma, ipulize"

Hii imeshika mizizi kwa sababu inaonekana kufanya kazi. Unachomoa katriji (ile kaseti ya gemu), unapuliza, unarudisha, gemu inawaka. Kilichoiwasha ni kule kuchomoa na kurudisha: pini zimesuguana upya zikagusana vizuri. Pumzi yenyewe ina unyevu, na unyevu unaobaki kwenye pini unaleta kutu. Nintendo wenyewe waliwahi kuwaonya wateja waache kupuliza.

Kwenye NES, konsoli ya Nintendo iliyoingia Marekani mwaka 1985, jambo hili lina sura yake. Taa nyekundu inawaka na kuzimika karibu kila sekunde, na watu wanasema mashine imekufa. Haijakufa. Ndani kuna chipu ya ulinzi inayozungumza na chipu mwenzake iliyo kwenye katriji. Mazungumzo yakikatika kwa sababu ya pini moja chafu, chipu hiyo inaianzisha konsoli upya, tena na tena. Kwa hiyo taa inayopepesa inakuambia umeme unafika, ila katriji haisomeki.

Dawa yake ni kusafisha pande zote mbili. Fungua katriji kwa bisibisi maalumu yenye tundu, ya milimita 3.8 (ya milimita 4.5 ni ya kufungulia konsoli kama Super Nintendo na Nintendo 64). Chovya kijiti cha pamba kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua kwa kufuata urefu wa pini, kisha badilisha kijiti. Endelea hadi kijiti kitoke cheupe. Acha ikauke kabisa kabla ya kuichomeka. Msasa na dawa za kung'arishia chuma viweke mbali, kwa sababu tabaka la dhahabu juu ya pini ni jembamba mno na likishatoka halirudi. Hata ufutio wa penseli ni wa pale tu alkoholi iliposhindwa.

Upande wa konsoli ya NES kuna kiunganishi cha pini 72. Wengi wanakimbilia kununua kipya, lakini vipya vingi vinabana kiasi kwamba kuchomoa katriji kunakuwa vita. Toa kile cha zamani, kichemshe kwenye maji kwa dakika kumi hivi, kikaushe hadi kusibaki tone, kirudishe. Kile cha kiwandani kikipona, kina thamani kuliko cha dukani.

"Adapta yoyote inayoingia tundu inafaa"

Kosa hili linaua mashine kwa sekunde moja. Adapta ya NES inatoa volti 9 za AC, yaani mkondo unaogeuka-geuka. Famicom, ndugu yake wa Japani wa mwaka 1983, inataka DC, yaani mkondo wa upande mmoja, na plagi ya NES inaingia kwenye tundu lake bila shida. Matokeo yake ni moshi. Mega Drive ya Sega nayo ina mtego wake: toleo la kwanza lina hasi katikati ya plagi, toleo la pili lina chanya katikati.

Kabla ya kuchomeka chochote, soma mambo manne kwenye kibandiko cha adapta na chini ya konsoli: AC au DC, volti, alama ya chanya na hasi, halafu ampea (kiasi cha mkondo). Hapo kwenye ampea ndipo hofu inapogeuka kuwa ya bure. Watu wanaogopa adapta ya ampea 2 kwenye mashine inayoomba 0.85, wakati ampea za adapta ni uwezo wake tu. Konsoli inachukua inachohitaji. Ya kuogopa ni adapta yenye ampea pungufu, kwa sababu inapata moto na picha inayumba.

Ukipima adapta ya zamani yenye transfoma nzito bila kuichomeka kwenye mashine, mita inaweza kuonyesha volti 13 kwa adapta iliyoandikwa 9. Usiitupe. Volti za aina hiyo zinashuka konsoli ikianza kutumia umeme wake.

"Katriji ikikaa kabatini betri haitumiki"

Ni kinyume chake. Katika katriji nyingi zinazohifadhi mchezo, maendeleo yako yamo kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote. Konsoli ikiwa imewashwa, umeme unatoka kwenye konsoli. Ikizimwa, betri ndiyo inayobeba, miaka na miaka, hata kama katriji haijaguswa. Za Super Nintendo mara nyingi zina CR2032, betri bapa ya duara kama sarafu. Mpya inapima zaidi kidogo ya volti 3. Ukiona imeshuka chini ya 2.7, panga kuibadilisha.

Ukiitoa, maendeleo yaliyohifadhiwa yanafutika. Kama yana maana kwako, yanakili kwanza kwa kifaa cha kusomea katriji. Nunua betri iliyobandikiwa vishikio tayari kiwandani, kwa sababu kulehemu moja kwa moja juu ya betri kunaipasha moto na inaweza kupasuka usoni. Weka alama ya upande wa chanya kwenye bodi kabla hujagusa kitu. Na utepe wa kubandika badala ya lehemu? Unashika wiki mbili tu, kisha katriji ikianguka unaanza mchezo upya.

Dreamcast, konsoli ya Sega, inahitaji tahadhari ya pekee. Betri ya saa yake ni ML2032, inayochajiwa na konsoli yenyewe. Kwa umbo inafanana na CR2032, lakini CR2032 haikuumbwa kuchajiwa. Ukiipachika hapo bila kukata njia ya chaji, umeweka kitu kinachoweza kuvuja au kupasuka ndani ya mashine.

"Ya zamani lazima ibadilishiwe kapasita zote"

Kapasita ni vijisehemu vya bodi vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi. Kuzibadilisha kunategemea mashine. Game Gear ya Sega, ndiyo, karibu kila moja: kapasita zake ndogo za juu ya bodi zinavuja, sauti inafifia, skrini inaonekana ukiitazama kwa pembe tu, na bodi inanuka samaki. Xbox ya kwanza, matoleo ya 1.0 hadi 1.5, ina kapasita ya saa inayovuja na kula njia za shaba. Itoe hata kama hutaweka nyingine, utakachopoteza ni saa tu. NES inayofanya kazi vizuri, kwa upande mwingine, iache. Kila joto la pasi ya kulehemu ni nafasi ya kung'oa kijipande cha shaba, na mafundi wapya wanang'oa vingi.

Ukibadilisha, uwezo wa kapasita uwe uleule, volti ziwe sawa au zaidi, chanya kwa chanya. Safisha uvujaji kwa alkoholi kabla ya kuweka mpya, la sivyo ule ule uliokula bodi unaendelea kuila.

"Njano ile ni uchafu"

Sabuni haitaitoa. Plastiki ya ABS ilichanganywa na kemikali za bromini za kuzuia moto, na mwanga wa jua na joto vinaibadilisha rangi. Ndiyo maana Super Nintendo nyingine ina kifuniko cha juu cha njano na cha chini cha kijivu: plastiki zilitoka mapishi tofauti. Haidrojeni peroksaidi pamoja na jua inaweza kurudisha rangi. Kwanza unatoa bodi, skrubu na vibandiko vyote, unavaa glavu na miwani, kisha unageuza kipande kila baada ya muda kisipate mabaka. Njano inaweza kurudi baada ya miaka michache. Kwa mtazamo wetu, njano iliyoenea sawasawa ni bora kuliko weupe wa mabaka.

"PlayStation igeuze juu chini, imepona"

Toleo la kwanza la PlayStation lina reli ya plastiki ambayo lenzi inatelezea. Reli ikiliwa, lenzi inainama na video zinakatakata. Kuigeuza kunahamisha uzito, basi. Safisha lenzi, safisha reli na uipake grisi kidogo sana, na ikishindikana badilisha kifaa chote cha leza. Kuongeza nguvu ya leza kwa kuzungusha kiskrubu chake kunasaidia leo na kufupisha maisha yake.

Mkwaruzo wa diski nao unaeleweka vibaya. Watu wanalinda upande unaong'aa, wakati kwenye CD tabaka la data liko chini kidogo tu ya chapa ya upande wa juu. Mkwaruzo hapo hautengenezeki. Ukifuta diski, futa kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe.

"TV yoyote inatosha"

Bunduki ya NES haiwezi kulenga kwenye TV bapa. Inatafuta mwanga wa skrini ya chogo unaochorwa mstari kwa mstari kwa wakati kamili, na TV bapa inachelewa. Picha yenyewe pia inaumia: konsoli hizi zinatoa mistari 240, TV nyingi mpya zinaidhani ni mistari 480 ya kupishana (nusu inachorwa kwanza, nusu baadaye) na kuichakata bure, kidole kinabonyeza na mhusika anaruka kwa kuchelewa. Kiongeza-picha kilichotengenezwa kwa mistari 240 kinaondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Ukipata TV ya chogo, ichezee ila usiifungue: ndani kuna zaidi ya volti 20,000, na zinaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani.